Darasa Langu Lilihamisha Moyo

Kuna siku darasa zima la kidato cha kwanza lilisimama mbele ya mkaguzi wa shule, likaulizwa moyo wa mtu uko wapi, na kila mmoja akaweka mkono upande wa kulia wa kifua.

Wote. Wasichana kwa wavulana. Hakuna aliyesitasita.

Mwenyekiti wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia huku na huku, akaona asiachwe nyuma. Akaweka wake kulia.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mimi.

Kaeni vizuri niwaambie jinsi mtu anavyofika hapo. Na kama unasoma ukila, meza kwanza.

Naitwa Felicitas. Sasa hivi ni bibi kizee wa huku juu ya Nkubu. Meno nimebaki na yale ya kuchekea tu, ya kutafunia yalishaenda. Simu hii aliniachia mjukuu wangu, mwalimu mpya wa sekondari huko Laare, na amenionya nisiandike mambo ya watu walio hai. Nimeangalia. Karibu wote wamekufa, kwa hivyo tuko salama.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane. Basi. Nyumbani zamu ya karo ilikuwa ya kaka zangu, zamu yangu ilikuwa ya kuchuma kahawa.

Lakini nimefundisha sekondari.

Rudia hiyo kama ilikupita. Darasa la nane, nikafundisha kidato cha kwanza. Sekondari niliingia mara ya kwanza nikiwa nimeshika chaki.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wakati huo kila kijiji kilitaka shule yake ya harambee, ya kujijengea wenyewe kwa michango. Wetu walikuwa wanajenga stoo ya kahawa, ikafika kwa mabati, wakabadilisha nia, wakasema hii sasa ni sekondari. Madirisha yalikuwa matundu tu. Mlango ulikuwa gunia. Lakini wanafunzi walijaa mpaka wengine wakakalia mawe.

Mwalimu aliyeajiriwa alikuwa kijana wa vyeti vyake, sina ubaya naye. Alifika asubuhi, akaliangalia lile gunia la mlangoni, akala githeri ya kumkaribisha, akauliza choo kiko wapi.

Mpaka leo hajarudi kutoka choo.

Ndiyo Kaberia akanifuata kwenye kahawa. Kaberia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwanamume mfupi wa koti refu, ukimwona kwa mbali unadhani koti linatembea peke yake. Akaniambia niweke kikapu chini.

"Felicitas, wewe unajua kusoma," akasema.

Nikamwambia najua, lakini hata hao wanafunzi wanajua. Wote tumemaliza darasa la nane, mimi na wao. Nitawafundisha nini wasichokijua?

Akafikiri kidogo.

"Tofauti ni kwamba wao watakaa, wewe utasimama."

Hicho ndicho kilikuwa chuo changu cha ualimu. Hakuna kingine nilichopita.

Halafu akanieleza shida yenyewe. Kabla muhula haujaisha, mkaguzi angekuja. Akisema shule inafaa, itaandikishwa na walimu wa serikali wataletwa. Akisema haifai, kamati imeshakubaliana: watoto warudi nyumbani, magunia ya kahawa yaingie. Na hao watoto hawakuwa na shule nyingine ya kwenda. Kama wangekuwa nayo, si wangekuwa huko?

Nikakubali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimechoka na kahawa.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kaka yangu. Vilikuwa vikubwa, nikavijaza majani makavu ya mgomba. Nikipiga hatua vinasema fwacha, fwacha. Wanafunzi walikuwa wananisikia kutoka barabarani, na nikifika darasani nawakuta wote ni malaika.

Vitabu niliazima kwa masista wa misheni. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mbele ya darasa. Mmoja tu. Mwanafunzi akiuliza jambo la ukurasa unaofuata, namwambia hilo ni swali zuri sana, tutalifikia. Niliyasema hayo mara nyingi mpaka wakanibandika jina. Mwalimu Tutalifikia.

Hata hivyo mambo yangeenda vizuri. Shida yangu ilikuwa mwanafunzi mmoja.

Siku ile ya kwanza nilianza kuita majina. Njura, yuko. Mukiri, yuko, msichana mwembamba wa macho makali aliyekaa mbele kabisa. Nikafika kwa jina lingine, ulimi ukakwama.

Kiambi.

Nikatazama nyuma. Nikaona kofia. Chini ya kofia, ndevu.

Yule alikuwa Mzee Kiambi, mtu wa rika la baba yangu. Walitahiriwa msimu mmoja, damu yao ilimwagika mahali pamoja. Wakati wa hali ya hatari ya wakoloni alifungwa kambini miaka, na alipotoka akasema anarudi shule. Watu wakacheka. Akaingia darasa la tano na ndevu zake, akakaa na watoto wa dada yake, akafanya mtihani wa darasa la nane, akapita. Sasa alikuwa amekuja sekondari. Kwangu.

Nyinyi wa siku hizi mtauliza, kwani iko nini hapo?

Iko hivi. Kwetu mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Humtaji jina. Hukai juu akiwa amesimama. Na humwambii hata siku moja kwamba amekosea, kwa sababu kumwambia amekosea ni kumwambia amesema uongo, na hapo umejitafutia laana itakayokufuata mpaka kwa watoto.

Nikafunga lile daftari la majina.

"Baaba," nikaita, "upo?"

"Nipo, mwalimu," akajibu, akasimama, akavua kofia.

Aliposimama, nikainama kidogo kwa heshima. Alipoona nimeinama, akangoja niinuke ndiyo akae. Mimi nangoja akae ndiyo niinuke. Tukakaa hivyo. Darasa lilicheka mpaka Njura akaanguka kutoka kwa jiwe lake.

Nikazoea. Akiuliza swali namjibu nikitazama ukuta. Akichelewa, mimi ndiye ninayeomba msamaha kwa kuanza bila yeye.

Halafu yakaja mambo ya kusahihisha.

Nilibeba madaftari nyumbani alasiri, nikakaa jikoni na kalamu nyekundu. Nikafungua la Baaba. Hesabu ya kwanza, sawa. Ya pili, amekosa. Nikaweka kalamu hapo niandike eksi, mkono ukakataa. Nikajaribu tena. Nikaona uso wa baba yangu, nikaona na ule wa babu yangu aliyekufa.

Nikaweka tiki.

Ya tatu pia alikosa. Tiki. Ukishavuka mto, kurudi kuna maana gani. Nilimpa tiki kurasa zote, tiki kubwa kubwa zenye mikia.

Wiki zikaenda. Nikaanza kuona jambo la ajabu. Darasa lilikuwa linaelewana. Mwanzoni kila mtoto alikuwa na jibu lake, huyu hivi, yule vile. Sasa wote walikuwa wanaandika jibu moja.

Nikajisifu. Sitaficha. Nilimwambia Kaberia kwamba darasa langu linatembea kwa mguu mmoja. Kaberia akawaambia watu kanisani. Nikaanza kutembea nimeinua kidevu, viatu vinasema fwacha kwa majivuno.

Kumbe yule Mukiri alikuwa amefanya uchunguzi wake. Aligundua kwamba kuna daftari moja darasani ambalo halijawahi kuona eksi. Akawaambia wenzake. Basi kila asubuhi kabla sijafika, walikuwa wanamwomba Baaba awaonyeshe kazi yake, naye kwa ukarimu anawapa. Wananakili kila kitu.

Na mimi nitafanya nini? Siwezi kumpa Baaba tiki halafu nimpe Mukiri eksi kwa jibu lile lile. Ningeulizwa. Kwa hivyo wote tiki.

Hivyo ndivyo niligeuza darasa zima kuwa la mzee mmoja.

Sasa tukafika somo la mwili wa mtu.

Kitabu cha masista kilikuwa na picha ya mwanamume aliyesimama anatutazama, kifua kimefunguliwa, kila kitu kinaonekana. Nikawapa waichore na waeleze. Baaba akaichora vizuri sana, ana mkono mzuri yule mzee. Chini yake akaandika: moyo uko upande wa kulia.

Ukitazama picha unaona ni kweli. Kwa karatasi uko kulia. Alichosahau ni kwamba yule mtu wa picha ametutazama, na kulia kwetu ni kushoto kwake.

Mimi nilijua. Naapa nilijua. Nikashika kalamu, nikavuta pumzi, nikajiambia hii moja lazima.

Nikaweka tiki.

Nikasema moyoni, popote ulipokuwa, nitawarekebisha wiki ijayo polepole, kama jambo ambalo limejitokeza tu.

Mkaguzi hakungoja wiki ijayo.

Alikuja kwa pikipiki, kijana wa Embu aitwaye Kivuti, suti ya kijivu, vumbi mpaka kwa nyusi. Kaberia alikuwa anamkimbilia nyuma akishika koti lisimwangushe. Kivuti akaingia, akaliinua lile gunia la mlango kwa vidole viwili kama mtu anayeinua panya. Akanisalimu kwa heshima. Akageukia wale wa mbele, akauliza tumesoma nini siku hizi.

Mukiri akasimama. Mwili wa mtu, akasema.

Kivuti akafurahi. Akasema basi wasimame wote, wamwonyeshe moyo uko wapi.

Mikono ikaenda kulia. Hayo nimeshawaambia.

Kivuti akacheka. Si kucheka kubaya, kule kwa mtu aliyeshangaa. Akatoa daftari lake na kalamu, akaniangalia, na mimi nikaona magunia ya kahawa yakiingia moja moja kwa mlango.

"Nani aliwafundisha hii?" akauliza.

Nilifumba macho ningoje jina langu.

"Baaba," darasa likajibu kwa pamoja.

Wakageuka, wakanyoosha vidole nyuma.

Kivuti akageuka pia, bado anacheka. Akamwona Mzee Kiambi amesimama pale nyuma, kofia mkono mmoja, mkono mwingine juu ya kifua, kulia.

Kicheko kikakatika.

Nimeona watu wakiona nyoka. Nimeona mtu akifumaniwa. Sijaona uso ukibadilika vile. Kivuti akaweka kalamu mfukoni, akaukosa mfuko, ikaanguka.

Sikujua wakati huo. Kumbe huyo Kivuti alikuwa anamchumbia Karwirwa, binti mkubwa wa Mzee Kiambi. Wajomba zake walikuwa wamekuja kutoka Embu na pombe ya asali, maneno ya mahari yakaanza, hayakuisha. Mambo yalikuwa pale mahali ambapo mkwe akikohoa vibaya, mbuzi wanaongezwa.

"Habari ya... habari za nyumbani, baba," Kivuti akasema.

"Nzuri," akajibu Mzee Kiambi. "Bwana mkaguzi, hapa mimi ni mwanafunzi tu. Kama nimekosea, niambie."

Aliyasema kwa upole na kwa kweli. Alikuwa anauliza.

Kivuti akanitazama. Mimi nikatazama ukuta, ule ukuta wangu wa kila siku. Akatazama mlango.

"Hujakosea, baba," akasema. "Ni upande huo huo."

Akaokota kalamu, akaandika kitu, akampa Kaberia mkono, akatoka. Tukamsikia akipiga teke pikipiki, ikakataa, akapiga tena, mwishowe akaisukuma mpaka kwa mteremko.

Shule ikapita. Hiyo ndiyo kweli. Baadaye karatasi ilifika imeandikwa kwamba mwalimu ana heshima na darasa lina umoja.

Kaberia alinishika mikono akalia. Wamama wakaja kupiga vigelegele, tukacheza mpaka viatu vya kaka yangu vikatema majani yote.

Tukiwa katikati ya hayo, Mukiri akanivuta pembeni.

"Mwalimu, jana niliweka sikio kwa kifua cha mtoto wetu mdogo. Moyo unagonga huku." Akajigusa kushoto. "Halafu nikasikiliza mama. Pia huku."

Nikaanza kuokota majani ya viatu vyangu.

"Sasa kwa mtihani niandike gani? Ile ya Baaba ama ile ya mama?"

Wueh.

Unajua nilitaka kumwambia tutalifikia. Ilikuwa imeshafika kwa ulimi. Lakini yule mtoto aliniangalia kwa macho yale makali, na nikaona mbele yake kuna mtihani wa serikali, msahihishaji ni mtu wa mbali asiyemjua Baaba wala rika lake, na ana kalamu nyekundu isiyoogopa mtu. Hawa wote wangeanguka. Mimi nimeokoa jengo, watoto nimewamaliza.

Nikaenda nyumbani. Nikafungua daftari la Baaba. Juu ya ile tiki nikaweka eksi. Ile eksi yenyewe ilifanana na kunguru aliyeanguka kutoka juu. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikazisahihisha zote alizokosa. Nilipomaliza, daftari lilionekana kama limechinjiwa kuku.

Asubuhi nikampa kwa mikono miwili.

Akafungua. Akatazama. Akafungua ukurasa mwingine, akatazama huo pia. Darasa zima lilinyoosha shingo, hata Njura.

Akavaa kofia. Akainua gunia la mlango, akaenda.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Halafu watoto wa ukoo wake wakaanza kukosa mmoja mmoja, na ukoo wa Kiambi ulikuwa nusu ya darasa. Kaberia akaja kunitazama tu, koti limelegea.

Nyumbani baba yangu aliniita.

"Nasikia umemwekea mtu wa rika langu alama ya makosa."

"Ndiyo, baba."

"Kwa wino mwekundu."

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Hata bluu hukuwa nayo?"

Akaniambia nijitayarishe kutafuta mbuzi wa kuomba msamaha, na kama mzee akikataa, hajui atanisaidia vipi. Mama alikuwa jikoni analia kimya kimya juu ya sufuria. Nikaanza kukitafuta kikapu changu cha kahawa kwa macho. Nikaona ni sawa tu. Kahawa haina rika.

Wiki iliyofuata niko mbele ya nusu ya darasa, nafundisha bila sauti, tukasikia mbuzi.

Gunia likainuliwa. Mzee Kiambi akaingia, kamba mkononi, na nyuma ya kamba mbuzi dume, amejaa vumbi, miguu imechoka kama aliyesafiri. Nyuma ya mbuzi, baba yangu na wazee wengine wa rika lao. Nyuma ya wazee, Kaberia. Nyuma ya Kaberia, wale watoto wote waliokuwa wamekosa.

Mimi nikajua ni kesi. Lakini kwa kesi ni mimi ninayepaswa kuleta mbuzi. Sasa huyu wake ni wa nini? Labda wa kunizika.

Mzee Kiambi akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "kule kambini nilijiapia kwamba nikitoka nitasoma mpaka mahali masomo yanaishia. Nikaja kwako. Nawe kila siku umenipa tiki, kama mgeni anavyopewa kiti. Nikifungua daftari naona najua kila kitu. Nikifika nyumbani nikijaribu ile hesabu, haikubali. Nilidhani naanza kuzeeka."

Nilitazama ukuta. Akangoja mpaka nikamtazama yeye.

"Wale askari wa kambini walininyima shule kwa bunduki. Wewe ulininyima kwa heshima. Ni afadhali hiyo eksi."

Baba yangu alikuwa anakwaruza sakafu kwa fimbo.

"Na ule moyo," Mzee Kiambi akaendelea. "Maisha yangu yote nimechinja, najua mbuzi amewekewa wapi. Lakini kitabu kikachora kule, wewe ukaweka tiki, na mkaguzi mwenye suti akakubali. Nikasema basi, labda mtu akisoma unahama."

Baba yangu ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wazee wote. Halafu darasa.

Wakazungumza wao kwa wao, wakakubaliana, na Baaba akanieleza. Yule mbuzi ni wa kunifungua mdomo. Tukimla pamoja, nikiwa ndani ya lile gunia la mlango ni mwalimu, naweza kumtaja jina, kumwambia amekosea na hakuna laana. Nikitoka nje ya gunia, mimi ni mtoto wake na nibebe maji.

Mbuzi akachinjiwa pale uwanjani. Na kwa kuwa mbuzi alikuwa amefunguliwa kifua, Mzee Kiambi akaniambia, mwalimu, fundisha.

Nikasimama mbele yao. Nikawaambia hata kwa mtu moyo umeegemea kushoto, hapa. Nikaweka mkono wangu kushoto. Nikasema sasa nyinyi.

Wote wakaweka kulia.

Nikasema hapana, kushoto, hivi. Nikapiga kifua. Wao wakapiga kulia kwa nguvu zaidi. Kaberia akaweka mikono yote miwili, kila mmoja upande wake, angoje matokeo.

Hapo ndipo kitu kiliniingia kichwani, na kwa kweli ndicho cha pekee nilichowahi kugundua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimewatazama. Nilikuwa nimesimama kama yule mtu wa kwa picha. Walikuwa wananifuata kama kioo, na mimi tangu Januari nilikuwa natazamana nao nikishangaa kwa nini mambo yanageuka.

Nikageuka. Nikawapa mgongo. Nikatazama kule walikotazama wao, nikaweka mkono kushoto.

Nyuma yangu nikasikia mikono ikigonga vifua. Sikuwaona.

"Sasa," nikasikia sauti ya Mzee Kiambi. "Sasa tumefika."

Nikamwita jina kwa mara ya kwanza. "Kiambi," nikasema, "vizuri." Halafu nikakimbilia nyuma ya jengo kutapika, maana kumwita mzee jina na damu ya mbuzi kwa siku moja vilikuwa vingi.

Kile kisa kingeishia hapo kama si arusi.

Mwaka uliofuata Kivuti alimwoa Karwirwa. Sisi wa shule tulialikwa wote. Watu wakala, wazee wakasimama kubariki. Mzee Kiambi akamwita mkwe wake mbele ya watu.

"Kivuti, moyo uko wapi?"

Kivuti jasho likamtoka. Akatazama wajomba zake, akatazama bibi arusi.

"Pale utakapoamua wewe, baba."

Watu walicheka mpaka mahema yakatikisika, na Mzee Kiambi akatupa kisa ambacho mimi sikukijua.

Ile siku nilipompa daftari lenye eksi, hakuwa amekasirika nami. Alitoka na daftari kwapani, akapanda basi mpaka Embu, akafika kwa baba yake Kivuti, akaitisha wazee. Akaliweka daftari mbele yao. Akasema, mwalimu wangu ananiambia nimekosea, kijana wenu aliniambia niko sawa, mmoja wao ni mwongo na mimi nataka kujua kabla sijatoa binti.

Kivuti akaitwa. Akakubali kila kitu. Wazee wa Embu wakamtoza mbuzi kwa kumdanganya mkwe wake.

Dume, amejaa vumbi, miguu imechoka. Alikuwa ametoka Embu juu ya basi.

Yaani mbuzi aliyenifungua mdomo mimi alilipwa na mkaguzi kwa kufunga wake.

Kiambi alimaliza kidato cha nne. Alianguka hesabu, akapita mengine yote, na ile eksi ya moyo aliikata akaibandika ukutani kwake. Mukiri alikuja kuwa nesi. Walimu wa serikali walikuja, mlango wa mbao ukaja, na mimi wakaniacha na kidato cha kwanza miaka mingi, kwa kuwa wanaoanza ndio walikuwa wananiweza. Walisema watanitafutia cheti cha heshima. Nakingoja. Labda kilienda choo na yule mwalimu wa kwanza.

Sasa kwa nini nimewaandikia haya yote?

Juzi mjukuu wangu alinipigia akiwa Laare, muhula wake wa kwanza, analia. Ameeleza somo mara tatu darasa halishiki. Halafu kuna mwanafunzi ambaye baba yake ni mkubwa wa bodi ya shule, anaogopa kumpa alama anazostahili. Akaniuliza, nyanya, nifanye nini?

Nikamwambia mambo mawili, na nyinyi walimu wapya wa huko mitandaoni yachukueni bure. Mwanafunzi ukimwogopa humfundishi, unampikia chai tu. Na wakikosa kukuelewa, kabla hujawaita wajinga, geuka kwanza usimame walikosimama wao, utazame wanakotazama.

Akasema asante nyanya, akakata. Nikajiona mtu wa maana sana.

Basi wiki hii nikaenda hospitali, nasikia maumivu kidogo kifuani. Daktari mdogo, mzuri wa sura, akanikalisha mbele yake. Akasema, shosho, nionyeshe kwa mkono, inauma wapi?

Nikasimama, nikageuka, nikampa mgongo.

Akamwita nesi. Akamwambia huyu mgonjwa amekasirika.